Je, ni dhambi kumchunguza mtumishi wa Mungu? Jibu kwa msomaji anayemhofia mama yake

"Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mama yangu ana miaka 61 na ni mjane tangu baba alipofariki miaka miwili iliyopita. Tumekulia Kilutheri, lakini tangu mwaka jana mama anasali kwa mtu anayejiita mtume na nabii. Siku ya kwanza alipokwenda, mtumishi yule alimwita kwa jina, akamwambia kuwa ni mjane na kwamba miguu inamsumbua, na yote hayo ni kweli. Baadaye akamwambia ugonjwa wake umetumwa na ndugu wa damu, na sasa mama hasalimiani na mama mdogo. Kila mwezi ananunua mafuta ya upako. Ameacha dawa za presha kwa sababu ametangaziwa uponyaji, na wiki iliyopita alisema atauza kiwanja alichoacha baba ili apande mbegu, yaani atoe sadaka, ya kuvunja laana ya ukoo. Nikiuliza, naambiwa nisimguse mpakwa mafuta wa Bwana nisije nikapata laana, na kusema kweli naogopa, kwa sababu watu wanapona pale na nimeona kwa macho yangu. Je, ni dhambi kumchunguza mtumishi wa Mungu? Nitajuaje kama ni wa kweli au wa uongo?"

Amina, mpendwa. Kabla sijajibu ulichouliza, nianze na jambo lisiloweza kusubiri, nalo ni dawa za presha. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo mtu anaweza kujisikia mwepesi, akalala vizuri, akaimba kwaya Jumapili, na huku mishipa yake inaendelea kuumia hadi siku anapopatwa na kiharusi. Tena zipo dawa ambazo zikikatishwa ghafla presha huruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mpeleke mama kituo cha afya wiki hii hii, akapimwe na kushauriwa namna ya kurudia dawa. Akikataa kwa kuona kwamba kupimwa ni kukosa imani, msomee Luka 17:14, pale wakoma kumi walipomlilia Bwana Yesu, naye akawaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Katika Torati, kama Mambo ya Walawi 14 inavyoeleza, kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumkagua mkoma na kutangaza kwamba ametakasika. Bwana mwenyewe, ambaye uponyaji wake haukuhitaji kutetewa, aliwatuma watu wake wakakaguliwe na wenye haki ya kukagua. Ikiwa kweli mama amepona, mashine ya kupima presha itamshuhudia, na daktari ndiye atakayempunguzia dawa.

Sasa nije kwenye hofu yako, kwa sababu naona ndiyo iliyokufunga mdomo mwaka mzima. Maneno unayotishwa nayo, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu," yamo katika Zaburi 105:15. Ukianza kusoma mstari wa 8 utaona wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni wakihamahama kati ya mataifa, na wanaokemewa ni wafalme waliokuwa na uwezo wa kuwaangamiza. Ni andiko la kumkinga mnyonge mbele ya mwenye enzi. Linapotumiwa kumkinga mwenye jukwaa, kipaza sauti na walinzi dhidi ya swali la mtoto wa mjane, limegeuzwa kichwa chini miguu juu. Watu hutaja pia Daudi na Sauli, nami nakuomba usome sura yote ya 24 ya Samweli wa Kwanza: Daudi alikataa kumwua Sauli pangoni, lakini alipotoka nje alisimama akamweleza makosa yake kwa sauti, watu wote wakisikia. Nathani alimwambia Daudi uso kwa uso kwamba ni mwuaji na mzinzi. Paulo alimpinga Petro mbele ya kanisa la Antiokia. Hakuna hata mmoja wao aliyepata laana kwa hilo. Na Yohana, akiwaandikia waumini wa kawaida kabisa, anawaambia wote kwamba wamepakwa mafuta na yeye aliye Mtakatifu (1 Yohana 2:20), kwa hiyo upako ambao unatumika kukunyamazisha, mama yako anao, na wewe unao.

Kuchunguza, basi, ni amri. Yohana anaandika, "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Paulo anawaagiza Wakorintho kwamba manabii wakinena, wengine wapambanue. Na alipofika Beroya, wasikilizaji wake walimpokea vizuri kisha wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku, waone kama aliyosema ndivyo yalivyo. Luka hawaiti waasi, anawaita waungwana (Matendo 17:11). Kama Paulo, mtume aliyemwona Bwana aliyefufuka, alichunguzwa na watu wa Beroya na Maandiko yakawasifu waliomchunguza, sioni ni mtumishi gani wa leo aliye juu ya hapo.

Unasema watu wanapona, na kwamba mama alitajwa kwa jina. Hili ndilo linalowashika wengi, na nataka tulitazame taratibu. Kumbukumbu la Torati 13 linazungumzia nabii anayetoa ishara, na ishara ile *ikatukia kweli*, kisha akawavuta watu wafuate miungu mingine. Mungu anasema msimsikilize. Maana yake ni kwamba hata muujiza wa kweli haumthibitishi mwalimu. Bwana Yesu analirudia jambo hilo katika Mathayo 7: wako watakaomwambia siku ile kwamba walitoa unabii kwa jina lake, walitoa pepo, walifanya miujiza mingi, naye hatabishana nao kama miujiza ilitokea au haikutokea. Atawaambia, "Sikuwajua ninyi kamwe." Usijichoshe, basi, kwa kubishana na mama kama fulani alipona au hakupona. Hata ungeshinda ubishi huo, usingekuwa umejibu swali la mtu yule anafundisha nini na anaishi vipi.

Kuhusu kutajwa kwa jina, siwezi kujua kwa barua mtumishi yule alipataje habari za mama, na sitamsingizia. Nitakueleza tu namna jambo hili linavyofanyika mahali ambapo hakuna Roho ndani yake, ili ujue cha kuangalia. Mgeni anapofika hupokelewa na wahudumu wachangamfu, hupewa fomu ya mahitaji ya maombi, naye huandika jina, mtaa anakotoka, hali ya ndoa na tatizo lililomleta. Huketishwa safu inayojulikana. Huzungumza na jirani yake kwenye benchi, ambaye huenda si mgeni kama yeye. Kisha yapo maneno mapana yanayomwenea karibu kila mtu: mwanamke mwenye miaka sitini akiambiwa miguu inamsumbua, ni wangapi watasema hapana? Ukiambiwa kwamba kuna mtu katika ukoo wenu asiyependa maendeleo yako, akili yako itamtafuta na kumpata. Na sisi binadamu hukumbuka neno moja lililolenga na kuyasahau kumi yaliyopita pembeni, hasa tukiwa na majonzi na tunatamani sana kusikia kwamba Mungu ametuona. Muulize mama kwa upole: siku ile ya kwanza, kabla ya ibada, ulizungumza na nani, na uliandika nini?

Ni wapi basi pa kuangalia? Bwana alisema, "Mtawatambua kwa matunda yao," na mwembe haujulikani kwa wingi wa majani yake. Tena matunda huhitaji msimu, kwa hiyo jibu la haraka mara nyingi haliko. Mimi huanza na mafundisho, na siulizi kama jina la Yesu linatajwa, kwa kuwa linatajwa kila mahali. Nauliza Yesu anafanya kazi gani katika mahubiri hayo. Je, msalaba wake umetosha, au bado kuna laana ambayo damu yake haikuivunja mpaka kiongezwe kiwanja? Paulo anawaambia Wagalatia kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kufanywa laana kwa ajili yetu (Galatia 3:13). Mwalimu anayemwuzia mjane aliyebatizwa ukombozi kutoka laana ya ukoo anamwambia, bila kulitamka, kwamba pale Kalvari kazi ilibaki nusu. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko kosa lolote la mavazi, muziki au mtindo wa maombi ambalo watu hulumbana nalo.

Baada ya mafundisho, natazama fedha, na hapa Maandiko yana mengi kuliko tunavyopenda kusikia. Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akawauliza ametwaa ng'ombe wa nani au punda wa nani, akitaka ashuhudiwe hadharani. Elisha alikataa zawadi ya Naamani, mkoma aliyeponywa, na Gehazi mtumishi wake alipoikimbilia kwa siri ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Mika anawalaumu manabii wa Yerusalemu wanaobashiri kwa ajili ya fedha. Paulo, alipokuwa akipeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asimlaumu kwa habari ya fedha hizo (2 Wakorintho 8:18-21). Didake, mafundisho ya kale ya Kanisa yaliyoandikwa kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, yanatoa kanuni kavu kabisa: mtu akisema katika roho, "Nipeni fedha," asisikilizwe, isipokuwa anaombea wengine wenye shida. Wakristo wa wakati ule walishaumwa na nyoka huyu. Sisemi kwamba mtumishi hastahili posho, maana Bwana ameagiza waihubirio Injili wapate riziki kwa Injili. Nasema uangalie kama hesabu zinajulikana. Unakumbuka ulikokulia, mzee wa kanisa akisimama wakati wa matangazo na kusoma sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa shilingi ngapi, hata kama ni kidogo hadi inatia haya? Hilo ni tunda. Muulize mama kama pale anaposali sasa amewahi kusikia hesabu hiyo ikisomwa.

Mafuta yana andiko lake, nalo ni Yakobo 5:14. Mgonjwa na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Ona mwelekeo wa safari: wazee ndio wanaomfuata mgonjwa kitandani, ni zaidi ya mmoja, na hakuna bei. Mwezi Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengine watakutajia vile vitambaa vilivyotoka mwilini mwa Paulo huko Efeso, katika Matendo 19, na ni kweli wagonjwa walipona; lakini vitambaa vile havikuuzwa, na Paulo huyohuyo anaandika kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), tena alimshauri Timotheo namna ya kulitunza tumbo lake. Hakuwatuhumu kwamba hawana imani.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote katika barua yako ni la mama mdogo. Mungu ameagiza kwamba neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na mtumishi anayemtwika mtu uchawi kwa njozi yake pekee ameikanyaga amri hiyo. Katika nchi yetu tunajua jambo hili linaishia wapi: vikongwe wamekatwa mapanga, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa neno la namna hiyo hiyo lililotamkwa na mganga. Kwamba safari hii limetamkwa chini ya msalaba hakulifanyi kuwa la Kikristo. Sheria ya Uchawi ya Tanzania inahesabu kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, na unaweza kuwaambia hivyo wazee wa ukoo. Nenda kwa mama mdogo mapema, umsalimie, ukae naye, ajue kwamba hajatengwa na ukoo mzima.

Kuna dhana mbili nyingine ambazo huenda unazo. Ya kwanza ni kwamba kanisa lenye usajili, au dhehebu kongwe, ni salama. Usajili kwa Msajili wa Jumuiya unaeleza kwamba chombo kina katiba na viongozi wanaojulikana. Hauwezi kuchunguza mafundisho. Kanisa la Paul Mackenzie, mhubiri wa nchini Kenya, lilikuwa na usajili, nao ulifutwa mwaka 2023, baada ya makaburi kuanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ya watoto. Yeye amekana mashtaka, na sitaki kuhukumu kabla ya mahakama. Ninalotaka ulione ni mpangilio uliosimuliwa na ndugu wa waliokufa: kwanza shule ilisemwa kuwa ni ya shetani, kisha hospitali, kisha watu wakauza mali na kuhamia msituni mbali na jamaa zao, na kufunga hadi kufa kukaja mwisho, wakati hapakuwa tena na mtu wa nje wa kuwauliza wanafanya nini. Na huko Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, mamia walipoteketea ndani ya jengo lao la ibada baada ya tarehe ya mwisho wa dunia waliyotabiriwa kupita, mmoja wa viongozi wao alikuwa mtu aliyewahi kuwa padri. Elimu ya teolojia haikuwakinga.

Dhana ya pili inaelekea upande wa pili, nayo ni kumwita kila anayekosea nabii wa uongo. Apolo alihubiri Efeso kwa bidii akiwa na upungufu katika mafundisho. Prisila na Akila wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, naye akakubali. Mwalimu aliyekosea na mwalimu wa uongo hutofautiana hasa pale wanaporekebishwa. Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu yule jina lolote, ulizeni ni nani mwenye uwezo wa kumwambia amekosea akasikiliza: baraza la wazee, askofu, umoja wa makanisa. Kama hayupo, au kama wote waliowahi kumkosoa wamefukuzwa na kulaaniwa madhabahuni, hilo mimi hulipa uzito kuliko uponyaji mia moja. Yohana aliwahi kuandika juu ya kiongozi wa namna hiyo, Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza, aliyewafukuza kanisani waliowapokea ndugu (3 Yohana 9-10).

Utamwambiaje mama? Ukianza kwa kumshambulia nabii utampoteza, kwa maana atalazimika kuchagua kati yako na mtu ambaye anaamini alionwa naye siku aliyokuwa na uchungu kuliko zote. Jiulize, nami nawauliza wenzangu wachungaji wa makanisa makongwe: baada ya matanga kuanuliwa, ni nani aliyebisha hodi kwake? Jumuiya ilikuja mara ngapi? Pale alikokwenda alipata watu wanaomwita kwa jina, wanaomwombea kwa kumshika mkono, wanaompigia simu akikosa ibada. Mahitaji hayo ni halali, na hataondoka pale kwenda kwenye utupu. Kaa naye, someni pamoja Injili ya Mathayo tangu mwanzo, kidogo kila jioni, bila kumtaja mtumishi yule, na uache maswali yazaliwe kwake mwenyewe. Mwombe mchungaji wa mtaa wenu wa zamani aje kumtembelea mama kwa sababu ya mama, asije kwa ajili ya mjadala. Siwezi kukuahidi kwamba itachukua mwezi; wengine huchukua miaka, na wengine hawarudi. Kuendelea kumpenda na kula naye meza moja ndiyo njia pekee ninayojua inayouacha mlango wazi.

Lakini yapo mambo ambayo hayamalizwi kwa upole wa nyumbani. Ukisikia mama ameagizwa mfungo mkavu wa siku nyingi, au kuhamia kambini na kukata mawasiliano, au kwamba watoto wa ndugu wanatolewa shule, au kwamba wanawake wanaitwa kwa maombezi ya faragha yanayogusa miili yao, usisubiri maombi ya ukoo yaishe. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Kwa habari ya mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Mama akipata ganzi upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, ni hospitali saa ileile, kabla ya simu kwa mchungaji yeyote, nikiwamo mimi.

Limebaki la kiwanja. Kama bado kiko kwa jina la marehemu baba na mirathi haijafunguliwa, mama hawezi kukiuza kihalali kwa uamuzi wake peke yake. Ukoo unapaswa kukaa kikao, kumpendekeza msimamizi, na mahakama imthibitishe. Waombeni wajomba na baba wakubwa waitishe kikao hicho sasa, kabla mnunuzi hajaletwa, na mama apewe nafasi ya kuzungumza wa kwanza na asikilizwe hadi mwisho. Nyaraka za kiwanja ziwekwe kwa mtu ambaye pande zote zinamwamini. Na kama mama anataka kumtolea Mungu kwa ajili ya baba, zungumzeni naye juu ya sadaka ya shukrani inayolingana na kipato chake, aitoe kwa mkono wake mwenyewe, mahali ambapo hesabu itasomwa.